Elimu Bure, Nauli Ghali: Masomo ya Seva Yalivyofika Kisiwani Mvita

Tarehe 25 Februari 2012, meli moja iliyokuwa nje ya bandari ya Mombasa ikingoja zamu yake ilitia nanga mahali palipopigwa marufuku. Nanga ikazama, ikakamata kebo ya intaneti ya TEAMS iliyolala chini ya maji kutoka Fujairah, ikaikata. Siku chache kabla ya hapo kebo ya EASSy nayo ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Intaneti ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ndiyo kwanza inazoea kwenda mbio, ikarudi kutambaa.

Aliyesimama Mbaraki siku hiyo hakuona lolote. Aliona yale yale ya kila siku: meli zikiingia Kilindini polepole kama bibi harusi, feri za Likoni zikikatiza mbele yao, maghala, malori yakisubiri gatini, na vijana wakielekea uwanja wa Bandari kutazama mazoezi. Aliuona na mnara wa Mbaraki pia, ule wa matumbawe na chokaa wenye urefu wa mita 14 hivi na uwazi ndani yake, ambao wataalamu wa mambo ya kale huukadiria kuwa wa mwanzoni mwa karne ya 18. Kando yake kulikuwa na msikiti mkongwe zaidi, wa karne ya 15. Watu walizoea kuingia mnarani na ubani na marashi kumwomba pepo waliyeamini anakaa humo. Naweka mnara huu mbele ya hadithi kwa sababu umesimama penye mlango wa kisiwa, na hadithi yenyewe ni ya mlango: jinsi masomo ya watu wa seva, hifadhidata na tovuti yalivyoingia Mombasa, na nani aliyelipa nauli yake. Masomo yalikuwa bure tangu siku ya kwanza. Kilicholipiwa ni njia.

Elimu ya bure haikuwa jambo geni Mvita, yaani Mombasa hiyo hiyo kwa jina lake la kale. Katika Mji wa Kale mwalimu wa darsa huketi baada ya magharibi, akafungua kitabu, na mpita njia akiingia akaketi haulizwi ada wala jina. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, yule aliyetoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikuwa msomeshaji kabla ya kuwa mwandishi, na mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kassim Mazrui akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Vitabu navyo vilikuwa na utaratibu wake. Kitabu kilichotiwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi, kinasomwa, basi. Mwaka 1903 mji ukapata Maktaba ya Seif bin Salim, maktaba ya umma ya kwanza katika nchi tunayoiita Kenya leo, na katika jina lake kamili la Kiingereza kulikuwa na maneno yaliyosema wazi kwamba hapo pana chumba cha kusomea bure. Nairobi ilingoja hadi 1931 kupata Maktaba ya McMillan, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani yake.

Waya, lakini, haukuwahi kuwa bure. Kebo ya kwanza ya chini ya bahari ilifika Mombasa mwaka 1890 kutoka Unguja, ambako kebo ya Aden ilikuwa imefika tangu 1879. Ilikuwa mali ya kampuni, na mteja alilipa kwa neno. Watu wa pwani walichukua neno la Kiajemi lenye maana ya waya, wakaiita simu, na chombo cha kuzungumza kwa mdomo kilipokuja baadaye kikarithi jina la waya. Neno letu la mawasiliano, basi, ni jina la njia, si la ujumbe. Nalitaja kwa kuwa zaidi ya miaka 100 baada ya kebo ile kijana wa Mombasa alikuwa bado analipia njia. Tofauti ni kwamba hesabu ilikuwa imehama kutoka neno hadi dakika.

Upande wa shule nitaupita haraka. Chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kilianza kusomesha Tudor mwaka 1951. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kompyuta zilipofika nchini zilikuwa vitu vya serikali, reli, mabenki na bandari, zikikaa katika vyumba vya baridi ambavyo mtu wa kawaida hakuingia. Jirani zetu Tanzania walikwenda mbali zaidi: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kama ilivyofanya kwa televisheni. Aliyetaka kujifunza alihitaji ada ya chuo, kitabu cha Kiingereza kilichoagizwa kwa bei ya kuumiza, na mashine ambayo hakuwa nayo. Hayo matatu yalitosha kumrudisha nyumbani.

Huko ng'ambo mambo yalikuwa yakigeuka. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuzifungua, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo kiini chake ni kwamba ukigawa programu huria uliyoipokea kwa masharti haya, ukiwa umeirekebisha au hukuirekebisha, lazima uigawe kwa masharti yale yale. Mtu wa Mombasa anayeijua Tume ya Wakfu, ambayo makao yake yako hapa hapa mjini, haelezwi mara mbili. Tofauti ipo, maana programu ya GPL yaruhusiwa kuuzwa na kitabu cha wakfu hakiuzwi. Hata hivyo nia zao ni ndugu, kwamba kilichotolewa kwa wote kisirudi kufungiwa kabatini mwa mmoja.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa Linux. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha utafiti cha CERN kikatangaza kwamba teknolojia ya tovuti aliyoibuni Tim Berners-Lee ni ya umma, haina ada. Kisha ukaja mwaka 1995, mwaka uliozaa vitu vitatu kwa mpigo: Apache, MySQL na PHP. Kwa mtu wa bandarini naweza kuvieleza hivi. Apache ni karani wa dirishani: unapobisha na kuuliza, yeye ndiye anayekujibu. MySQL ni ghala pamoja na daftari lake, na kazi yake ni kujua kila mzigo uko safu gani na kuutoa bila kupekua ghala zima. PHP ni tarishi anayekimbia baina ya dirisha na ghala. Linux ni jengo walimo wote watatu. Mwaka uliofuata Postgres ya Chuo Kikuu cha Berkeley ikatoka kwa jina la PostgreSQL, ghala la pili, na hadi leo watu wa hifadhidata hugombana juu ya lipi bora kama wagombanavyo watu wa kahawa.

Jambo ambalo wanahistoria wa kompyuta hulipita upesi ni kwamba hawa hawakutoa programu tu. Walitoa na maelezo. Wahandisi wa mtandao walikuwa wakiandika hati zao za wazi zinazoitwa RFC tangu Aprili 1969, na ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker, mwanafunzi, kwa sauti ya mtu anayeomba ushauri. Watu wa Linux wakaandika HOWTO, yaani karatasi za "hivi ndivyo ufanyavyo": jinsi ya kuunganisha modemu, jinsi ya kuweka seva ya barua, jinsi ya kufufua diski iliyokufa. Mwongozo wa PHP uliandikwa na watu wa kujitolea, na chini ya kila ukurasa wasomaji waliongeza maonyo yao. Karatasi hizi zilikuwa maandishi matupu, hazina picha. Wepesi wake ndio uliozifikisha pwani.

Nchini Kenya, herufi za .ke ziliandikishwa mwaka 1993. Kati ya 1994 na 1995 zikaanza kampuni na vituo vya intaneti: Africa Online ya Wakenya watatu waliokuwa wamesoma Marekani, kituo cha ARCC cha Shem Ochuodho, na Form-Net. Wote walikuwa chini ya kivuli cha shirika la posta na simu, KPTC, ambalo mwaka 1998 lilifungua JamboNet, lango la taifa ambalo kila aliyetaka kutoka nje kihalali alipaswa kulipitia. Kutoka nje kwenyewe kulikuwa kwa setilaiti. Kisa kimoja kinatosha kuonyesha hali ilivyokuwa. Barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara, ikiwa ofisi hizo zinatumia kampuni mbili tofauti, ilisafiri hadi Marekani au Ulaya ikarudi. Watoa huduma wakaamua kujenga kituo cha kubadilishana humu humu nchini, KIXP, wakakifungua Novemba 2000. Baada ya wiki kama mbili kikafungwa kwa amri ya mdhibiti, Telkom, mrithi wa KPTC upande wa simu, ikiwa imelalamika kwamba kinavunja ukiritimba wake. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Kwa muda huo wote barua za Wakenya kwa Wakenya ziliendelea kwenda hija na kurudi, na kila safari ilikuwa na nauli.

Waliojenga vitu kama KIXP walijifunzia wapi? Wengi walijifunza kwa wenzao. Mwaka 2000 kundi la wahandisi wa mitandao wa Afrika, AfNOG, lilifanya mafunzo yake ya kwanza Cape Town, kisha likazunguka bara: Accra, Lomé, Kampala, Dakar, Maputo, na mwaka 2006 likafika Nairobi. Kwa siku kadhaa watu walifungiwa chumbani na mashine na kufundishwa seva kwa mikono: kuweka mfumo, kuandaa seva ya majina, seva ya barua, kuiangusha kwa makusudi na kuiinua. Walimu wengi walijitolea. Kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon kilisaidia, na kila somo, pamoja na mazoezi yake, likawekwa wazi kwa yeyote aliyeshindwa kusafiri. Mwanafunzi wa mwaka huu akarudi mwaka wa pili akiwa mwalimu. Mtu wa darsa angeuona utaratibu huu na kudhani umeigwa kwao.

Lakini Nairobi si Mombasa. Kisiwani mlango wa watu wengi ulikuwa saiba.

Waliokuwa vijana mjini miaka ya 2000 wanazikumbuka: chumba chembamba, feni inayozungusha joto, mashine nane au kumi zikigawana laini moja, na mhudumu mwenye saa mkononi. Bei ilishuka kadiri miaka ilivyopita hadi shilingi moja kwa dakika ikawa ya kawaida. Wengi waliingia kutuma barua kwa jamaa walioko Ghuba au Uingereza. Wachache waliingia na disketi mfukoni, na hao ndio wa hadithi hii. Mbinu yao ilikuwa moja: usisome ndani ya saiba. Kusoma ni kupoteza dakika. Fungua ukurasa, uhifadhi kwenye disketi, fungua mwingine, uhifadhi, lipa, toka. Ukasome nyumbani au kwa rafiki mwenye mashine. Disketi ilibeba megabaiti 1.44 tu, lakini HOWTO nzima iliingia na nafasi ikabaki. Mafunzo ya W3Schools, tovuti ya Wanorwei iliyoanza mwaka 1998, yalihifadhiwa ukurasa kwa ukurasa namna hiyo, na aliyesahau kuhifadhi ukurasa wa tano alirukia wa sita na kuziba pengo kwa akili yake.

Mhudumu wa saiba mwenyewe mara nyingi ndiye aliyekuwa mwalimu. Alijua kwa nini mashine zinakataa kuonana, na akikuona una hamu alikuita nyuma ya meza: "Keti hapa, tizama." Akafungua dirisha jeusi, akaandika amri, na daftari likajibu. Hakuna cheti kilichotolewa. Mwanafunzi alijua amehitimu siku aliyoachiwa ufunguo.

Kuna hesabu ambayo napenda kuifanya. Programu zilizojaa CD moja ni kama megabaiti 700. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikienda kwa kasi yake yote bila kukatika na bila mtu mwingine kuigusa, kushusha CD hiyo kunachukua zaidi ya saa 27. Kwa shilingi moja kwa dakika, hiyo ni zaidi ya shilingi 1,600, na laini za wakati ule hazikukaa saa 27 bila kukatika hata siku moja. Linux ilikuwa bure. Kuileta nyumbani ndiko kulikokuwa na bei.

Basi mwaka 2005 likaja jambo la ajabu. Ubuntu, mfumo uliozinduliwa Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ukaanza mpango wa ShipIt: andika anwani yako, utaletewa CD kwa posta, na posta imeshalipwa. Ukiomba chache unaletewa chache. Kijana wa Mombasa aliyetumia dakika tatu za saiba kujaza fomu aliambiwa na karani wa posta, wiki kadhaa baadaye, kwamba kuna bahasha yake kutoka Ulaya. Ndani mna diski za mfumo kamili, pamoja na Apache, MySQL na PHP au njia ya kuvipata, na karatasi za mwongozo. Zikagawiwa kwa marafiki, zikanakiliwa, zikachubuka. Mpango huo ulifungwa mwaka 2011. Nimewahi kusikia watu wakiuita ujanja wa biashara, na huenda ulikuwa hivyo. Kwangu mimi unabaki kuwa mara ya kwanza mtu wa mbali kuelewa kwamba kutoa kitu bure bila kulipa nauli yake ni kutoa nusu.

Kwa nini kijana wa kisiwani ajisumbue na seva? Jibu linapatikana Kilindini. Mwaka 2005 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ilileta mfumo wa forodha ulioitwa Simba, uliotokana na Gainde wa Senegali. Kabla yake wakala wa kutoa mizigo alizunguka na karatasi meza hadi meza, muhuri hadi muhuri, na ustadi wake ulikuwa kuwajua watu. Baada yake aliketi mbele ya kioo. Mwaka 2008 Mamlaka ya Bandari nayo ikawasha KWATOS, mfumo wa kufuatilia kontena gatini. Kila kampuni ndogo ya uwakala, kuanzia Mbaraki na Ganjoni hadi Shimanzi, ikajikuta inahitaji mtu wa kuunganisha mashine, wa kutunza daftari la mizigo ya wateja, wa kusema kama tatizo ni mtandao au ni mfumo wenyewe. Hakukuwa na fedha za kuajiri mhandisi kutoka Nairobi. Alikuwepo mpwa wa mwenye kampuni, yule wa disketi. Wafanyakazi wa miaka ile walijua sentensi moja kuliko zote, "mfumo umelala," na aliyeweza kuuamsha, au angalau kueleza kwa nini haujaamka, hakukosa chai ya bure wala mshahara.

Hapo somo likakomaa. Ukurasa wa kuhifadhi wateja ukikosewa nuktamkato moja unagoma wote. Daftari lisilo na nakala ya akiba hupotea siku umeme unapokatika na jenereta haina mafuta. Hakuna karatasi iliyoletwa na posta iliyoyafundisha haya kwa ukali kama yalivyofundishwa na Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Mwanzoni mwa 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, ikazaliwa Ushahidi. Ory Okolloh alitoa wazo, na David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaijenga kwa siku chache: ramani ya kupokea taarifa za vurugu kwa simu na intaneti. Kisha wakaiachia huru na msimbo wake, ulioandikwa kwa PHP. Mwaka 2010 ikatumika baada ya tetemeko la Haiti. Programu yenye jina la Kiswahili sasa ilikuwa inafunguliwa na wanafunzi wa nchi nyingine ili wajifunze namna ilivyoandikwa. Jahazi lilikuwa limeanza kwenda na kurudi na shehena.

Kebo zenyewe zilichelewa. EASSy ilizungumzwa tangu 2003, mikutano juu ya mikutano, hadi serikali ya Kenya, huku Katibu wa wizara Bitange Ndemo akisukuma, ikaamua kuvuta kebo yake hadi Falme za Kiarabu. Hiyo ndiyo TEAMS, takriban kilomita 5,000. Iligusa pwani ya Mombasa tarehe 12 Juni 2009, Rais Mwai Kibaki akiipokea. SEACOM ikawashwa tarehe 23 Julai mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Watanzania huziita nyaya hizi mkongo, na neno lao nalipenda. Kwa setilaiti, megabiti moja kwa sekunde ilikuwa imehesabiwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi. Sasa bei ikaporomoka. Haikuporomoka siku ile ile, na aliyetarajia saiba ipunguze bei kesho yake alingoja sana, ila iliporomoka.

Masomo yaliyokuwa yamezuiwa na nauli yakamwagika. Stack Overflow, jukwaa la maswali ya waandika programu lililoanza 2008, likawa mhudumu wa saiba wa dunia nzima. Kozi za MIT, zilizotangazwa kuwa za wazi tangu 2001, hatimaye zikaweza kutazamwa bila video kusimama kila sekunde tano. Oktoba 2011 Jennifer Widom wa Stanford alifundisha kozi ya hifadhidata kwa intaneti, bure, kwa maelfu ya watu waliojiandikisha kutoka kila pembe. Ndiyo maana kukatika kwa kebo Februari 2012 kuliuma kuliko ambavyo kungeuma miaka mitatu nyuma: watu walikuwa wameacha kuhifadhi kwenye disketi. Waliokuwa bado na tabia ya zamani, na diski ngumu iliyojaa miongozo, waliendelea kusoma huku wengine wakikodolea macho kiduara kinachozunguka.

Bure nayo ikaonyesha kwamba yaweza kuyumba. Kampuni ya MySQL ilinunuliwa na Sun mwaka 2008, na Sun ikamezwa na Oracle mwaka 2010. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, alikwisha kuchukua msimbo na kuanzisha tawi jipya, MariaDB, mwaka 2009. Aliweza kwa sababu leseni ilikuwa GPL. Hapa ndipo ule ufanano na wakfu uliponikaa vizuri zaidi: nyumba ikiuzwa, kisima cha wakfu kilichomo hakiuzwi nayo.

Kisiwani, vijana walianza kutafuta mahali pa kukutana. SwahiliBox ilitangulia. Mwaka 2016 ikaja Swahilipot Hub, chini ya Mahmoud Noor, mtu aliyefanya kazi SEACOM na kwa hiyo aliyejua kebo inapotua. Iko Mji wa Kale, ubavuni mwa Ngome ya Yesu ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 ili waamue nani aingie na nani asiingie. Hapo sasa pana meza, umeme, intaneti, na vijana wa msimbo wakichanganyika na washairi na waigizaji. Mchanganyiko huo umewashangaza wageni. Watu wa Mvita hauwashangazi. Baraza siku zote ilikuwa na mwenye shairi, mwenye habari za meli na mwenye fatwa, wote juu ya benchi moja.

Limebaki jambo la lugha, nami silioni dogo. Tarehe 4 Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili, matunda ya mradi wa Kilinux. Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanza 2003. Maneno tunayo: seva, hifadhidata, tovuti, kivinjari, faili, nywila. Mengine tunagombania, na mtu wa tarakilishi hamsamehi mtu wa kompyuta. Lakini karatasi ya Kiswahili inayomchukua mtu kutoka mashine tupu hadi seva inayojibu, hatua kwa hatua, bado ni adimu kupita kiasi. Somo lililofika Mombasa kwa setilaiti, kwa disketi, kwa posta na kwa kebo limekuwa likielezwa kwa Kiswahili kila siku kwa mdomo, nyuma ya meza ya saiba na katika ofisi za mawakala, na maelezo hayo yamekufa pale pale yaliposemwa. Mhudumu aliyesema "keti hapa, tizama" hakuandika.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji mmoja, yule anayelinda seva ya benki, ya bandari, ya hospitali au ya kampuni ya mjomba. Una daftari la amri zako, na kando yake umeandika kwa Kiswahili kilichochanganyika ni ipi iliyokuokoa usiku gani. Lisafishe. Andika kurasa nne tu: jinsi ya kuweka PostgreSQL, jinsi ya kutoa nakala ya akiba kila usiku, na la kufanya asubuhi ukigundua kwamba usiku wa jana haikutoka. Weka leseni ya wazi juu yake, uziachie watu. Maandishi matupu hayahitaji kebo tatu. Yote yataingia katika disketi moja, na nafasi itabaki.